Mapumziko Niliyompa Mama

Mpendwa mdogo wangu Paskalina,

Pokea salamu kutoka huku Ujerumani, ambako baridi imeingia mapema mwaka huu na jua linazama kabla sijatoka kazini. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanakwenda shule vizuri? Na cherehani yako ya pale Utemini, bado inakata uzi au umepata fundi wa maana? Najua ningeanza na Mama, lakini kila nikifika hapo mkono unakuwa mzito, ndiyo maana nimezunguka kwanza na cherehani. Mama ameamkaje leo?

Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haupo sawa, na nitakueleza.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu hupokei, na nikikutumia ujumbe wa sauti unabaki hivyohivyo bila kusikilizwa. Sikulaumu. Kuna dada mmoja wa kwetu ninayesali naye, anakwenda likizo kwao Dodoma, amekubali kuiweka barua hii kwenye basi la Singida. Atakupigia yeye ukaichukue stendi, maana namba yake hujaizuia. Ukishaipata naomba uisome yote. Nitaandika hata mambo unayoyajua kuliko mimi, kwa kuwa kwenye simu nimekuwa nikiyapindisha ili nionekane mimi ndiye niliyeonewa. Kwenye karatasi nitajaribu kunyoosha.

Yalianza na ile picha. Unaikumbuka, binamu yetu aliituma kwenye kundi la ukoo. Mama yuko njia ya kisimani kule Mtinko, ndoo kichwani, na pembeni yake ni Bibi Theresia, mwenzake aliyechota naye maji tangu mimi sijazaliwa. Chini binamu akaandika, "Mama wa Ulaya huyo, bado anabeba ndoo," na watu wakamwaga vile vikatuni vya kucheka machozi. Paskalina, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini na nikajiona kama nimevuliwa mbele za watu. Mtoto wa kwanza yuko Ujerumani na mama anabeba ndoo! Nikaapa palepale kwamba mama yangu hatabeba kitu tena.

Juzi nimeifungua tena picha hiyo nikaiangalia vizuri. Mama anacheka. Mdomo wote uko wazi, lile pengo la mbele linaonekana, na Theresia amejishika kiuno kwa kicheko. Sijui walikuwa wanamsema nani. Mimi siku ile mdomo sikuuona, niliona ndoo.

Yaliyofuata unayajua. Nikajenga ile nyumba ya Mandewa, hapo Singida mjini, na wewe nikakutoa kwenye vyumba vyenu nikakuhamishia humo umwangalie Mama. Kuku wake wote nikaagiza wagawiwe watu, eti watachafua baraza. Uwanja ukamwagiwa saruji mpaka kwenye ukuta. Bomba likaingia jikoni. Nikaweka geti, kochi, tivii kubwa na king'amuzi chake. Watu wa Mtinko walipokuja kuhani nyumba, maana kwangu naona sasa ilikuwa kuhani, walizunguka wakishika kuta na kusema, "Huyu mama amezaa." Nami nilikuwa kwenye simu ya video, nikisikia kila neno, nimevimba kwa furaha.

Kama mwezi wa kwanza au wa pili hivi, nilipiga alfajiri ya huko nikamkuta Mama ameinama anafagia ile saruji. Haikuwa na jani wala mavi ya kuku, lakini alikuwa anaifagia kwa mistari, kama alivyokuwa akiufagia uwanja wa udongo kule kijijini. Nikakuuliza kwa ukali nani amempa ufagio. Ukaniambia, "Dada, mimi nimempa. Ameamka hana pa kushika, amezunguka nyumba nzima." Nikakujibu, "Nimejenga sakafu ile ili Mama afagie? Watu wakipita getini watasema tumemleta mjini kumfanya mtumishi." Ufagio ukaufungia stoo. Nilikuamuru, ukatii.

Hukutii mara moja kila kitu, najua. Ulimletea alizeti kwenye ungo apepete, nikakukataza kwa sababu ya vumbi na kifua chake. Ulimnunulia majani ya mlenda ayatwange ayakaushe, nikakuambia mlenda mkavu upo sokoni umejaa. Ulitaka awe anakwenda jumuiya, na mimi nikampigia katekista nikamwomba awe anakuja kusali naye nyumbani, kwa sababu magoti ya Mama si ya kutembea. Katekista akawa anakuja kama anavyokwenda kwa wagonjwa. Na Mama, mwanamke aliyelima uwele peke yake tangu baba yetu alipofariki, akaanza kumpokea amelala.

Halafu ulimpeleka hospitali. Damu ikapimwa, sukari, presha, kila kitu. Yule tabibu akakuuliza, "Kutwa nzima mama huyu anafanya nini?" Ukamjibu, "Hafanyi kitu, anapumzika." Akaandika kile kikaratasi ulichonipigia picha. Atembee asubuhi. Akae juani. Apewe kazi ndogo ya mikono. Akae na watu wa rika lake. Tivii izimwe mapema alale. Na mkirudi baada ya mwezi aonwe tena, kama bado hali si nzuri azungumze na mtu wa afya ya akili. Mimi nilicheka, Paskalina. Nilikuambia, "Huyo ni tabibu au mwenyekiti wa kijiji? Nimesafiri bara zima Mama aandikiwe kufagia?" Kisha nikatuma makopo matatu ya vitamini kutoka huku, nikajiona nimemaliza. Mwezi ulipoisha hamkurudi kwake, kwa sababu nilisema msipoteze muda.

Sasa nafika pagumu. Bibi Theresia alipofariki, ulinipigia unalia. Kulikuwa na mavuno, watu wote wako mashambani, na ulisema wamechelewesha mazishi kidogo ili wasubiri jamaa, hivyo Mama anaweza kuwahi. Uliniuliza tu tukodi gari gani. Nikakwambia hapana. Nikasema presha itampanda, nikasema asiambiwe mpaka apate nguvu. Ukasema, "Dada, huyu ni Theresia." Ulisema hivyo mara mbili, nakumbuka. Nami nikakwambia mimi ndiye ninayefanya kazi na wazee, najua wanavyoanguka.

Tangu siku hiyo Mama akawa anakuuliza, "Theresia hajambo?" Na wewe, kwa agizo langu, ukawa unamjibu hajambo, anakusalimu. Mimi sijawahi kuitamka hiyo salamu ya marehemu hata mara moja. Nimekutuma wewe uitamke na kinywa chako, kila wiki, ukimtazama Mama usoni. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine yote.

Ndipo ikaja asubuhi ile geti lilipoachwa wazi. Mama alipatikana barabara ya kwenda Mtinko, miguu mitupu, ameshika ndoo tupu. Yule kijana wa bodaboda aliyemkuta alikwambia alimuuliza anakwenda wapi, naye akamjibu, "Nampitia mwenzangu, kumekucha." Uliponisimulia nikasema, "Unaona? Akili imeanza kumtoka." Kisha nikakupigia kelele. Nilisema kazi yako ni moja tu, kumwangalia Mama, nayo imekushinda. Nilisema geti lifungwe na ufunguo ukae kwako. Ukaniambia, "Basi njoo umtunze wewe, Bernadeta." Hujawahi kuniita jina langu tangu tuzaliwe. Ukakata simu, na mpaka leo sijakusikia.

Habari za Mama nazipata kwa Shangazi. Alinipigia wiki iliyopita, akaniambia tangu geti lifungwe Mama hasemi. Akipelekewa chakula anageukia ukutani. Anaoga akiogeshwa, anakaa akikalishwa. Shangazi hana maneno ya kuzunguka, unamjua. Akaniambia, "Mwanangu, mama yako mmemweka kabatini."

Nililia, lakini nakiri bado nilikuwa nakulaumu wewe. Kilichonivunja ni kitu kingine, na ni cha kipumbavu, ni viazi.

Katika nyumba hii ya wazee ninayofanya kazi nimehamishiwa upande mwingine tangu mwezi uliopita. Kuna bibi anaitwa Helga. Kila siku saa nne asubuhi anapewa viazi vitatu na kisu kidogo, anakaa mezani karibu na dirisha anamenya. Anachukua karibu saa nzima. Mikono inamtetemeka, maganda yanaanguka chini, na kiazi kikitoka mikononi mwake kimebaki kama gololi. Jikoni wana mashine ya kumenya, viazi vyake hata havihitajiki. Mimi nikaona ni mateso. Kwetu utamwangaliaje mtu mzima anahangaika na kisu nawe umesimama? Siku ya kwanza nikamtoa kisu mkononi taratibu, nikamwambia bibi pumzika, nikamenya mimi kwa dakika mbili. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki nzima nikafanya hivyo, kwa heshima zangu zote. Nikamvalisha na soksi, nikamfunga hata vifungo vya nguo, nikamlisha supu.

Wiki iliyofuata Helga hakutoka kitandani. Msimamizi wetu, mama mmoja mtu mzima asiyeinua sauti, akatuita. Akauliza ni nani amekuwa akimenya viazi vya Helga. Nikajibu ni mimi, tena nikajibu kwa kujisifu, nikidhani nitapongezwa. Akaniambia polepole ili Kijerumani changu kishike: "Alikuwa anaamka kwa ajili ya vile viazi. Sasa umemwachia aamke kwa ajili ya nini?"

Paskalina, niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikakaa chini sakafuni. Sikumfikiria Helga hata kidogo. Nilimwona Mama ameinama kwenye ile saruji, anafagia kisichokuwepo, na nikasikia sauti yangu kwenye simu ikikuamuru umnyang'anye. Nililia mpaka mwenzangu akaja kugonga mlango. Hapa nalipwa niwaachie wazee wa watu viazi vyao, na mama yangu mzazi nimemnyima hata jani la mlenda.

Helga amerudishiwa kisu. Siku nne za kwanza hakukigusa, alikitazama tu. Siku ya tano alimenya kimoja, nusu. Sijui kama atafika vitatu tena.

Nikwambie na langu ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuzama. Baridi ya mwaka jana, siku zangu za mapumziko nilikuwa sifungui pazia. Nakula mkate kitandani, sipiki, sioni jua, sisemi na mtu kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, halafu nawapigia ninyi simu ya video nimejipaka mafuta nacheka. Mlidhani nimenenepa kwa raha. Kilichonitoa siyo kitu kikubwa. Nilianza kufagia ngazi za jengo tunalokaa, asubuhi kabla ya kazi, kwa kuwa mikono isiyo na kazi ilikuwa inanisumbua. Mzee wa ghorofa ya juu akanidhani ni mfagizi mpya, akaniletea malalamiko ya balbu. Tukacheka baada ya kujuana, sasa tunasalimiana, na Jumapili tunatembea naye mpaka mtoni na kurudi. Napika ugali wangu, nakula nimekaa mezani. Huzuni haijaondoka, lakini asubuhi nina pa kuanzia. Haya nilijipa mwenyewe, na wakati huohuo nilikuwa nakukataza wewe usimpe Mama.

Sina haki ya kukuagiza tena. Hii ni mara ya kwanza nakuomba. Fungua geti. Kuku warudi, hata watatu, na wakichafua baraza patakuwa na cha kufagia. Mtoe Mama juani asubuhi kabla jua halijawa kali. Usimwambie "Mama ukae upate nguvu." Hilo neno nimelisema mimi mpaka likamkausha. Mwambie cherehani imekubana na uwele haujapepetwa, umeshindwa, akusaidie. Akikataa usimlazimishe, wala usiufiche ungo, uache hapohapo mbele yake na kesho umwombe tena. Kula naye sahani moja, asiletewe chake peke yake chumbani. Ile tivii mpe shemeji aiuze au aipeleke popote. Na jumuiya ikikutana kwa jirani, mshike mkono mwende naye polepole, hata mkifika sala imekwisha.

Na umrudishe kwa yule tabibu. Kama ataandika dawa, anywe dawa. Kama atasema Mama azungumze na mtu wa afya ya akili, azungumze, na atakayecheka kwenye ukoo mwambie aje anicheke mimi. Mwambie pia tabibu kwamba aliyemdharau ni mimi, na nimeomba radhi.

Nimeomba likizo nije mwenyewe. Wamenijibu mpaka msimu wa baridi uishe, hakuna watu wa kutosha. Nimefikiria kuacha kazi. Lakini nitakuwa mkweli kwako kwa mara nyingine: naogopa kuja nikamkuta Mama ameniangalia na hanijui, au mbaya zaidi, ananijua na hataki kusema nami. Hofu hiyo ni yangu, nitaibeba. Nakuomba tu usimwache asubiri mpaka mimi nijipe moyo.

Limebaki moja, ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Mama hajachanganyikiwa. Nimelifikiria mpaka nimeelewa. Kwa miaka yote ile, kulipokucha Mama alichukua ndoo, akampitia Theresia, wakaenda kisimani. Siku ile kulikucha, geti lilikuwa wazi, akachukua ndoo akaenda kumpitia mwenzake. Katika nyumba yetu nzima yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu asubuhi ile, na sisi tukamfungia. Nadhani amejua, Paskalina. Mtu aliyezungumza na mwenzake kila siku miaka arobaini hawezi kutosheka na salamu za kuletewa. Amekaa pale ukutani anajua, na hana wa kulia naye, kwa kuwa sisi wote tunamtabasamia.

Kwa hiyo mwambie. Usingoje nguvu zirudi. Mkae chini wote wawili, mshike mikono, umwambie Theresia amefariki, na umwambie ni lini. Kisha tafuta gari mwende Mtinko, akakae na watoto wa Theresia, apewe mkeka, apewe pole kama mfiwa maana ni mfiwa. Mwache alie kwa sauti, kwa Kinyaturu, kadiri anavyotaka. Nilimwogopea machozi, na kumbe ndiyo niliyomnyima pamoja na mengine yote. Wasije wakamtuliza upesi. Na wewe ukihisi kulia, lia naye, umebeba uongo wangu muda mrefu.

Nisalimie Shangazi, mwambie maneno yake ya kabati yamefika. Msalimie shemeji kwa uvumilivu wa kuishi ndani ya nyumba iliyojaa amri zangu. Wabusu watoto, waambie mama yao mkubwa anawapenda. Msalimie katekista, na wale majirani wa Mtinko ambao walipokuja kuiona nyumba walinisifu. Mwambie Mama shikamoo. Usiongeze neno lingine, mpe hiyo shikamoo tu.

Na akikuuliza nani aliyekataza asiende kumzika mwenzake, usinifichie. Usiseme "tuliona." Mtazame usoni umtajie jina langu.

Ni mimi dada yako,
Bernadeta